Maswali ya Wasomaji: Betri, Chaji na Jenereta Kwenye Karavani

Barua nyingi tulizopata safari hii zimetoka kwa madereva wa utalii, wenye trela za kambi na watu wanaofanya kazi ndani ya karavani. Karibu zote zinalalamikia jambo moja: jenereta ipo, petroli inachomwa, lakini betri haifiki asubuhi.

Habari za kazi, mafundi. Naendesha Land Cruiser ya kulala wageni porini. Nyuma kuna betri mbili za N100 za maji (ampea-saa 100 kila moja) kwa ajili ya friji na taa, na tuna jenereta ndogo ya petroli ya wati 1,800. Jioni naiwasha kwa saa tatu nzima na kuunganisha betri kwenye lile tundu lake la volti 12. Ikifika saa kumi alfajiri friji inazima na nyama inaharibika. Fundi mmoja ameniambia niongeze betri ya tatu. Niongeze? (Dereva, Arusha)

Hapana, kaka, weka hela yako mfukoni kwanza. Ghala lako linatosha, kinachoingia ghalani ndicho kidogo. Tundu la volti 12 kwenye jenereta ndogo limewekwa kwa ajili ya kuamsha betri iliyolala, na mengi hutoa ampea 8 hivi tu. Soma kibandiko cha jenereta yako utaona. Tena halina kidhibiti cha chaji, kwa hiyo halijui betri imefika wapi. Saa tatu kwa ampea 8 ni ampea-saa 24, na kwenye betri ya maji sehemu ya hizo inaishia kwenye joto na gesi.

Sasa hesabu kinachotoka. Friji ya kompresa ya lita 50 huvuta ampea 4 hadi 5 inapozunguka, na kwenye joto la Tarangire itazunguka kama saa 10 kwa siku. Hapo ni ampea-saa 45. Taa nne za LED za wati 5, kwa saa nne kila usiku, ni 7. Pampu ya maji ni 1. Simu, kamera na kompyuta za wageni, weka 15. Kisha kuna inverta, kile kifaa cha kugeuza volti 12 kuwa 230, iliyoachwa imewashwa huku hakuna kilichochomekwa, ambayo watu wengi hawaihesabu. Peke yake inaweza kula ampea 0.8, na kwa saa 24 ni ampea-saa 19. Jumla umefika 87.

Betri zako ni ampea-saa 200, ila betri ya maji inafaa kutumiwa nusu tu. Ukiishusha chini ya hapo kila usiku, salfeti inaganda kwenye bamba zake na betri inakufa kabla ya wakati. Kwa hiyo una 100 za kutumia na unatumia 87. Zinatosha, hasa ukizima inverta. Shida ni kuzirudisha: kwa 87 zilizotoka unatakiwa uingize kama 100, na kwa ampea 8 hizo ni zaidi ya saa 12 za jenereta.

Nunua chaja ya hatua tatu, inayopunguza chaji yenyewe kadiri betri inavyojaa, ya umeme wa volti 230, ya ampea 30 hadi 40, uichomeke kwenye soketi ya kawaida ya jenereta. Usizidishe 40 kwa betri hizo mbili, kwa sababu betri ya maji haipendi kupewa zaidi ya asilimia 20 ya ukubwa wake kwa saa. Chaja ya ampea 40 kwa volti 14.4 hutoa wati 576, na yenyewe itavuta karibu 680 kutoka kwenye jenereta. Zile za bei nafuu zisizorekebisha pawa fakta, yaani zinazovuta mkondo mwingi kuliko wati zinazotumia, hubebesha jenereta mzigo wa VA (volti mara ampea) 1,000 hivi. Ndiyo maana jenereta ya kVA 1 huzimika kwa chaja ambayo kwa maandishi ilitakiwa kuiweza. Yako itabeba.

Badilisha pia muda wa kuwasha. Washa asubuhi, wageni wakiwa kwenye chai, badala ya jioni. Asubuhi betri iko chini na inapokea ampea zote 40. Ikifika kama asilimia 80, volti zinagonga 14.4 na ampea zinaanza kushuka zenyewe: 30, 20, 10. Asilimia 20 za mwisho huchukua saa nne au zaidi hata ukileta chaja kubwa namna gani, kwa sababu betri yenyewe ndiyo inayokataa. Kuacha jenereta ingurume kwa ajili ya ampea 6 ni kuchoma petroli bure. Zikishuka chini ya 15, zima. Sehemu iliyobaki iachie altaneta mnapozunguka kutazama wanyama, au paneli ya jua. Paneli ya wati 200 kwenye jua letu itakupa kama ampea-saa 55 kwa siku nzuri. Na kila gari linaporudi Arusha, liache kwenye umeme wa TANESCO usiku kucha ili betri zijae kweli kweli, si kujaa kwa macho.

Ukitaka kujua zimefika wapi, zima kila kitu, subiri nusu saa, upime kwa mita. Volti 12.7 imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo. Ukipima friji ikiwa inazunguka utadanganyika.

Kitu kingine: betri mbili zilizoungwa sambamba, chanya ya mzigo itoke kwenye betri ya kwanza na hasi itoke kwenye ya pili. Ukitoa zote kwenye betri moja, hiyo ndiyo itakayofanya kazi kubwa na itatangulia kufa.

Hamjambo. Navuta karavani kwa pikapu. Betri ya ndani ni AGM, ile ya risasi iliyofungwa isiyoongezwa maji, ya ampea-saa 110. Kutoka Nairobi mpaka Nanyuki injini inanguruma muda wote, lakini nikifika betri iko volti 12.3. Altaneta imepimwa na iko sawa. Waya unaopeleka chaji nyuma ni wa milimita za mraba 6, umbali wa mita 6. (Msomaji, Nanyuki)

Waya huo ndio unaokula chaji yako. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo mita 6 zako ni 12. Kwa shaba ya milimita za mraba 6, ampea 25 zikipita unapoteza karibu volti 0.9 njiani. Altaneta ikitoa 14.2, betri ya nyuma inaona 13.3, na AGM kwa volti hizo inajaa polepole mno. Kweli, ampea zikipungua upotevu nao hupungua, lakini wakati huo umeshafika Nanyuki.

Usichukue neno letu tu. Washa injini, kanyaga mpaka resi 1,500 hivi, washa taa zote za karavani. Pima kwenye vichwa vya betri ya pikapu, kisha kwenye vichwa vya betri ya karavani. Tofauti ikizidi volti 0.5, tafuta ilipopotelea: weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya mbele na nyingine kwenye chanya ya nyuma kwa kutumia waya mrefu, kisha fanya hivyo kwa hasi. Mara nyingi upande wa hasi ndio mbaya, kwa sababu fundi alitegemea bodi ya gari na ndoano ya kuvutia. Ndoano ina kutu, grisi na mchezo. Peleka waya wa hasi mpaka betri ya mbele.

Kwa umbali wako, waya wa milimita za mraba 16 utapunguza upotevu mpaka volti 0.33, na wa 25 mpaka 0.21. Lakini kama pikapu ni ya miaka ya karibuni, waya mnene peke yake hautakuponya. Altaneta nyingi za sasa zinaongozwa na kompyuta ya gari, na betri ya mbele ikijaa hushusha volti hadi karibu 12.8 ili kuokoa mafuta. Hapo unahitaji chaja ya DC kwa DC, inayopokea volti pungufu na kuzipandisha hadi 14.4 zinazotakiwa na AGM. Chukua ya ampea 25, uifunge karibu na betri ya karavani, si kwenye pikapu. Upande wa kuingilia itavuta mpaka ampea 32, kwa hiyo tumia waya wa 16 na fyuzi ya ampea 40.

Fyuzi ziwe mbili, kila moja ndani ya sentimita 20 au 30 kutoka kwenye betri yake. Waya huu una betri kila upande, na ukikwanguka katikati pande zote mbili zitamwaga moto. Plagi ya taa za trela yenye pini saba usiipitishie mzigo huo. Funga plagi ya Anderson ya ampea 50 pembeni yake.

Kama friji yako ni ile inayotumia gesi, umeme wa 230 na volti 12, ile ya 12 ni ya barabarani tu. Inavuta ampea 10 au zaidi bila kupumzika. Ukisimama Karatina kula, igeuze kwenye gesi au izime, la sivyo itakunywa kila ulichochaji toka Nairobi.

Jenereta yetu ya wati 1,800 Dar inachemsha birika la wati 1,000 na kuchaji betri kwa chaja ya ampea 30 bila shida. Karatu inalalamika. Tukipanda ukingo wa Ngorongoro taa nyekundu inawaka na umeme unakatika. Imechoka? (Mpishi wa kambi)

Haijachoka, hewa ndiyo nyepesi. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Karatu, kwenye mita 1,500 hivi, wati 1,800 zinabaki 1,485. Ukingoni, mita 2,300, zinabaki kama 1,310. Birika na chaja yako kwa pamoja ni wati 1,500. Hesabu inajieleza.

Chemsha kwanza, chaji baadaye. Au chemsha kwa gesi kabisa, ndivyo tunavyopendekeza, kwa sababu kugeuza petroli kuwa umeme na umeme kuwa moto ni njia ghali ya kupata chai. Zima pia swichi ya kubana matumizi kabla ya kuchomeka kitu kizito, ili injini iwe tayari kwenye resi ya juu.

Kama inatoa moshi mweusi na plagi inatoka imejaa masizi, kabureta inamimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Kwa wanaokaa juu msimu mzima, fundi abadilishe jeti kuu, kile kitundu cha kupitishia petroli, aweke ndogo. Ukishuka Dar irudishwe ile ya zamani, maana jeti ndogo kwenye hewa nzito hufanya injini ichemke mpaka iharibike.

Nina karavani ya juisi ufukweni Diani, paneli mbili juu na betri mbili za maji chini ya meza. Kila mwaka betri zinakufa, ingawa kontrola ya chaji ya paneli inaonyesha zimejaa kila siku. Kijana anayenisaidia huongeza maji ya betri kila zikipungua. (Mama wa juisi, Diani)

Dada, yaangalie hayo maji kwanza. Kama chupa ni ya asidi, ndiyo iliyoua betri. Kinachopungua kwenye betri ni maji peke yake, asidi hubaki ndani. Kila ukiongeza asidi unaifanya iwe kali zaidi mpaka inakula bamba. Ongeza maji yaliyotoneshwa tu. Ya bomba na ya kisima yana chumvi, usiyatumie. Ongeza baada ya betri kujaa chaji, mpaka chini kidogo ya shingo ya tundu. Ukiongeza kabla, maji yatatanuka wakati wa kuchaji na kumwagika, na mwisho utaona unga wa kijani au mweupe kwenye vichwa.

La pili ni joto. Betri ya risasi, na hizi zako za maji ni za aina hiyo, hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila digrii 10 zinazozidi 25. Kila digrii inayozidi, volti za chaji zishushwe kama 0.02. Kwenye kabati lenye digrii 40, badala ya 14.4 chaji kwa 14.1. Kontrola nyingi hufanya hivyo zenyewe zikiwa na kihisi cha joto, ila kihisi lazima kigandishwe kwenye ubavu wa betri. Kontrola iliyofungwa ukutani penye upepo inadhani betri nayo ina ubaridi, na inaichemsha. Hamisha betri mbali na jiko na utoboe matundu ya hewa juu na chini ya kabati, kwani betri ya maji ikichajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni hulipuka.

Kabla ya kununua nyingine, pima kila seli kwa haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya betri. Iliyojaa husoma 1.265, nusu ni 1.190. Seli moja ikipishana na wenzake kwa 0.050 au zaidi, hiyo ndiyo iliyokufa. Na usiunge betri mpya na ile ya mwaka jana. Kuukuu huivuta mpya chini.

Assalamu alaykum. Tunapiga kambi jangwani na karavani miezi ya baridi. Nataka kutoa betri za risasi niweke moja ya lithiamu ya ampea-saa 200. Chaja ya zamani itafaa? Na je, itawasha AC usiku kucha? (Msomaji, Maskati)

Waalaykum salaam. Kwa chaja, angalia mambo mawili. Volti ya juu iwe kati ya 14.2 na 14.6, na isiwe na hatua ya kusafisha salfeti inayopandisha volti zaidi ya 15. Kama hatua hiyo haizimiki, badilisha chaja. Altaneta usiiunge moja kwa moja kwa rele. Lithiamu hupokea chochote inachopewa, na altaneta itatoa kila ilicho nacho mpaka iungue. Pitisha kwenye chaja ya DC kwa DC.

Kwa mwenye jenereta, lithiamu ni nafuu kubwa. Haina ule uvivu wa asilimia 20 za mwisho. Chaja ya ampea 60, inayovuta karibu wati 980, itaitoa asilimia 20 mpaka kujaa kwa chini kidogo ya saa tatu, huku jenereta ikifanya kazi yenye maana mpaka karibu na mwisho. Ila sahau kupima kwa volti: betri hii hukaa kwenye 13.2 au 13.3 kwa sehemu kubwa ya safari yake, kisha huanguka ghafla. Funga mita ya shanti inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Hasi zote zipite kwenye shanti, hata ya pampu, la sivyo hesabu itakuwa ya uongo.

AC usiku kucha, hapana. AC ndogo ya karavani huvuta kama wati 900 kompresa ikizunguka. Tuseme inazunguka theluthi mbili ya usiku wa saa nane: ni wati-saa 4,800, na ukiongeza upotevu wa inverta unahitaji zaidi ya ampea-saa 400. Jenereta itaiweza mradi ikabili mshtuko wa kuwaka, ambao ni mara kadhaa ya wati za kawaida. Mwombe fundi afunge kifaa cha kuwasha kompresa taratibu. Wakati wa joto kali, usishangae betri ikikataa chaji mchana: kidhibiti chake cha ndani hukata seli zikizidi joto lililowekwa na mtengenezaji. Iweke ndani ya karavani, si kwenye sanduku la nje linalopigwa na jua.

Karavani yetu ni kliniki tembezi. Mvua ikinyesha mlinzi huisogeza jenereta chini ya sakafu ya karavani isilowe. Kuna ubaya? (Muuguzi, Dodoma)

Upo, tena wa kuua. Itoeni leo hii. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inapanda kupitia matundu ya mabomba na nyaya, inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mtu anaanza kuumwa kichwa na kusinzia akidhani ni uchovu. Jenereta ikae mita 6 au zaidi, upande upepo unakoelekea, ekzosi ikitazama mbali na milango na madirisha. Kwa mvua, tengenezeni kibanda cha bati kilicho wazi pande zote nne, bati likiwa mita moja juu ya mashine, na jenereta ipande juu ya tofali. Wekeni pia king'ora cha kaboni monoksaidi ndani, karibu na usawa wa kichwa cha mgonjwa aliyelala.

Kuna hatari ya pili ambayo hamkuiuliza. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijaunganishwa na ethi. Waya ukigusa bodi ya karavani, breka ya kulinda watu wasipigwe na umeme haitakata, kwa sababu mkondo hauna njia ya kurudi. Msidanganyike na kitufe chake cha kujaribia. Kitufe hicho hupitisha mkondo ndani ya breka yenyewe na kitaikata hata kama ethi haipo. Mwiteni fundi umeme mwenye leseni aunganishe nyutro na ethi upande wa jenereta, kisha apime kwa kifaa chake. Muunganiko huo usifanywe ndani ya karavani, maana mkichomeka umeme wa TANESCO breka itakuwa inakata kila mara. Na kati ya jenereta na TANESCO iwepo swichi ya kugeuzia, ili viwili hivyo visikutane kamwe.

Masika tunapaki magari mwezi wa nne na wa tano. Tukirudi kazini, betri zimekufa na jenereta haziwaki. (Msimamizi wa karakana)

Jazeni betri kabisa, chomoeni waya wa hasi, na kila mwezi zichajini tena. Redio, king'ora cha gari na taa ndogo ya kontrola vinatosha kumaliza betri ndani ya majuma machache. Za maji zikaguliwe maji kabla na baada.

Jenereta haziwaki kwa sababu petroli iliyobaki kwenye kabureta imekauka na kuacha gundi kwenye jeti. Siku ya kupaki, fungeni koki ya mafuta injini ikiwa inanguruma na muiache izime yenyewe, kisha fungueni skrubu ya chini ya kabureta itoe tone la mwisho. Mwageni oili ikiwa bado ya moto na muweke mpya. Kwa mashine nyingi za ukubwa huu ratiba ni saa 20 za kwanza zikiwa mpya, kisha kila saa 100 au miezi sita. Ujazo ni mdogo, kama lita 0.4, na ikipungua kidogo tu kihisi cha oili kitakataa injini isiwake, mtu akahangaika na plagi siku nzima. Kwa hiyo kabla ya kuita fundi, iwekeni jenereta mahali tambarare na muangalie kijiti cha oili.